UZI: Gari hupiga "po!" ninapokunja usukani, na shafti mpya haikusaidia

Mwalimu wa Koboko (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa wenzangu, naomba msaada wa wanaoyafahamu magari kwa undani. Ninaendesha Toyota Spacio ya toleo la pili, yenye injini ya 1NZ ya cc 1500 na giaboksi ya otomatiki. Hulitumia zaidi kati ya Koboko na Arua, mara chache hushuka nalo hadi Kampala, na njia ya kufika shuleni kwetu ni ya murramu yenye mashimo ambayo hata boda hulazimika kuyazunguka. Tangu mvua zilizopita, upande wa mbele umekuwa ukitoa mlio mzito wa "po!" kila ninapokunja usukani kwa kiasi kikubwa. Ninapoegesha sokoni, mlio hutoka kabla usukani haujafika mwisho, na kwenye sakafu, chini ya miguu yangu, nahisi mshtuko mdogo. Kwenye lami iliyonyooka gari limetulia kabisa.

Gereji niliyokwenda kwanza iliniambia, bila hata kulipandisha gari kwenye jeki, kwamba jointi ya CV ya kushoto (kiungo cha shafti kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu) imekufa. Nilinunua shafti nzima ya mtumba, wakaifunga, nikalipa, na mlio ukatoka nami getini kama ulivyoingia. Sasa wananishauri ninunue shafti ya kulia, na kama haitoshi, raki nzima ya usukani (chuma chenye meno kinachoyageuza magurudumu). Kabla sijatoa shilingi nyingine, ningependa kujua kama kuna njia ya kulitambua tatizo bila kubadilisha spea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Fundi wa Ndeeba

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Usinunue kitu chochote kwa sasa. Nijibu kwanza maswali mawili, kwa sababu majibu yake huligawa tatizo hili katikati. La kwanza: gari likiwa limesimama kabisa, injini inawaka na mguu uko kwenye breki, je, mlio hutoka ukikunja usukani toka mwisho mmoja hadi mwingine? La pili: gari likitembea polepole huku usukani umekunjwa hadi mwisho, je, mlio hujirudia kwa mpigo, ta-ta-ta-ta, ukienda na mzunguko wa magurudumu, au hupiga mara moja na kunyamaza?

Mwalimu wa Koboko

Fundi, nimejaribu jioni hii kwenye uwanja wa shule. Gari likiwa limesimama, mlio unatoka vizuri sana, hata mlinzi ameusikia akiwa getini. Nikizunguka polepole uwanjani usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho, hakuna mpigo wowote. Hupiga tu wakati ninapouzungusha usukani wenyewe. Kuna jambo jingine ambalo sikulitaja: nikishapiga kona na kulegeza mikono, usukani haurudi wenyewe hadi katikati kama zamani. Husita njiani, nami hulazimika kuuvuta.

Kapteni Mstaafu

Mimi nina Subaru Forester, na yangu ilipoanza kupiga kelele kwenye kona ilikuwa jointi ya CV, bila mjadala. Nilibadilisha na kelele ikaisha. Kwa hiyo sioni kwa nini hiyo gereji inalaumiwa. Huenda waliifunga shafti ya mtumba ambayo nayo imechoka.

Fundi wa Ndeeba

Afande, unachosema kuhusu Forester yako ni kweli, na hata shafti ya mtumba kuwa mbovu ni jambo la kila siku pale Kisekka, soko la spea la Kampala. Hata hivyo, majibu ya Mwalimu hayaelekezi huko, nami nitaeleza kwa nini, maana kosa hili la kuihukumu jointi ya CV kwa kila mlio wa kona limewamalizia watu wengi akiba zao.

Jointi ya nje ya CV, ambayo msingi wa muundo wake ni kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa wa kampuni ya Ford katika miaka ya 1920, kwa kawaida ina mipira sita ya chuma iliyoshikwa na kizimba, na kila mpira hutembea ndani ya mfereji wake. Kazi yake ni kupeleka nguvu kwenye gurudumu huku gurudumu hilo likiwa limegeuzwa. Buti ya raba ikichanika, grisi hutupwa nje, vumbi la murramu huingia, na mifereji huanza kulika. Kuanzia hapo, kila mpira unapopita mahali palipolika huku umebeba nguvu ya injini, huruka na kugonga. Ndiyo maana mlio wake unahitaji mambo matatu kwa pamoja: shafti izunguke, iwe imepinda, na iwe inabeba nguvu. Gari lililosimama haliizungushi shafti, kwa hiyo jointi iliyolika hunyamaza. Mlio unaotoka gari likiwa limesimama, tena mmoja mmoja na si wa mpigo, karibu kila mara unatoka kwenye kitu kinachogeuka pamoja na usukani.

Sasa tutazame ni nini hugeuka. Spacio, kama ilivyo Premio, Wish, Noah mpya na magari mengi ya Kijapani tunayoletewa, ina mfumo wa mbele wa MacPherson, ambao ndani yake shokapu na springi vimeunganishwa kuwa nguzo moja, na nguzo hiyo yote hugeuka unapokunja usukani. Bodi ya gari haigeuki. Kwa hiyo juu kabisa, chini ya boneti, mna mauntingi ya raba iliyofungwa kwenye bodi, na chini yake beringi ndogo inayoiacha springi izunguke kwa uhuru. Maji ya mvua na matope mekundu yakishaingia kwenye beringi hiyo, grisi huoshwa, kutu hushika, na beringi hukwama. Ukikunja usukani, sehemu ya chini ya springi hugeuka na gurudumu ilhali ya juu imeng'ang'ania, hivyo springi hujisokota kama kamba mbichi inayokamuliwa, mpaka nguvu inaposhinda ukinzani, nayo huachia kwa ghafla. Hiyo ndiyo "po!" yako, na huo ndio mshtuko unaousikia miguuni. Kule kusita kwa usukani kurudi katikati ni ushahidi wa pili, kwa kuwa beringi iliyokwama huishikilia nguzo isirudi.

Sikuambii ununue mauntingi leo. Nakuambia pa kuanzia kukagua.

Bint Jinja

Fundi, ahsante kwa maelezo. Je, mtu asiye fundi anaweza kuithibitisha beringi hiyo bila kuifungua nguzo? Na ni vitu gani vingine vinaweza kutoa mlio kama huo gari likiwa limesimama?

Fundi wa Ndeeba

Dada, anaweza, ila anahitaji mtu wa pili. Gari liwe mahali tambarare, giya iwe P, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Msaidizi akae ndani na kukunja usukani taratibu sana, toka mwisho hadi mwisho, injini ikiwaka. Wewe weka kiganja juu ya mauntingi chini ya boneti. Kwenye magari mengine imefichwa na plastiki ya waipa, basi utaiondoa. Kisha uiguse springi kupitia nafasi iliyo juu ya tairi. Springi nzima inapaswa kugeuka na gurudumu kwa utulivu. Iliyokwama utaihisi ikibaki nyuma, ikijaa nguvu, halafu ikiruka, na mlio utaupata mkononi kabla ya sikioni. Gusa upande wa nje tu. Vidole visiingie katikati ya mizunguko ya springi, kwa maana ikiruka haitakuomba ruhusa.

Ikiwa kiganja hakijaridhika, chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye chuma unachokishuku na mpini karibu na sikio. Mlio husafiri kwenye bodi kiasi kwamba wa kushoto unaweza kudhaniwa ni wa kulia, na bisibisi hukata ubishi huo haraka.

Kuhusu washukiwa wengine, wa kwanza kumkagua ni boljointi ya chini, kiungo kati ya gurudumu na mkono wa chini (chuma kinachoishikilia gurudumu chini ya gari). Simtangulizi kwa sababu ndiye mwenye kelele nyingi. Namtanguliza kwa sababu boljointi ikichomoka, gurudumu hulala ubavu gari likiwa njiani, na hapo hatuzungumzii kelele tena. Pandisha gurudumu hewani, weka stendi madhubuti chini ya gari (jeki peke yake si tegemeo, na rimu kuukuu iliyolazwa chini si stendi), kisha ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na stabu ekseli (chuma kinachobeba gurudumu) na kuunyanyua kwa upole. Mchezo wowote unaoonekana kwa macho ni sababu ya kubadilisha. Baada ya hapo shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, msaidizi atazame kama kinachocheza ni tairodi endi ya nje au raki endi iliyo ndani ya buti ya raki, yaani viungo vya ncha mbili za fimbo inayotoka kwenye raki kwenda gurudumuni. Likicheza ukilishika juu na chini, basi ni boljointi au beringi ya gurudumu, na njia rahisi ya kuzitofautisha ni kumwomba msaidizi akanyage breki: mchezo ukitoweka, ulikuwa wa beringi ya gurudumu.

Springi yenyewe nayo huvunjika, hasa mzunguko wa chini kabisa ambao umejificha ndani ya kikombe chake, na kipande hicho huruka usukani unapokunjwa. Tumia tochi na usafishe tope kwanza. Bushi za mkono wa chini na bolti za fremu ndogo inayobeba injini na mikono hiyo hupiga zaidi unapobadilisha mwelekeo, yaani ukifunga breki ukirudi nyuma kisha ukaondoka mbele. Stabilaiza linki (kifimbo cha mfumo unaozuia gari lisiyumbe) hugonga zaidi kwenye mashimo na matuta kuliko kwenye usukani, kwa hiyo simhesabu kati ya washukiwa hapa.

Bint Jinja

Yangu ni Corolla, na mlio nausikia karibu na miguu yangu, ndani, si kwenye gurudumu. Ni "tek" ndogo, na huihisi mikononi kwenye usukani.

Fundi wa Ndeeba

Hapo tazama shafti ya kati ya usukani, ile inayoteremka toka chini ya dashibodi hadi kwenye raki. Ina jointi ndogo za msalaba na meno yanayoingiliana, na vyote hulika. Novemba 2012 Toyota yenyewe ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 2.7 duniani kote, yakiwemo Prius ya kizazi cha pili na baadhi ya Corolla, kwa sababu meno ya shafti hiyo yaliweza kulika ikiwa usukani unakunjwa kwa nguvu hadi mwisho mara kwa mara gari likiwa kwenye mwendo mdogo. Magari mengi tunayoyapata yameshatumika Japani, na si kila moja lilirudishwa kukaguliwa kabla ya kuuzwa. Msaidizi autikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, nawe ushike jointi ya shafti hiyo kwa vidole. Mchezo utauhisi mara moja. Usiliahirishe hilo, maana ndicho kiungo kati ya mikono yako na magurudumu.

Kapteni Mstaafu

Nakubali hoja ya gari lililosimama. Hata hivyo, kwa wenye Subaru ningeongeza mawili niliyojifunza kwa gharama. Kwenye Forester, buti ya ndani ya shafti ya mbele ya kulia iko jirani na bomba la ekzosi, na joto lake huikausha mpaka inapasuka. Ishara ya kwanza ni harufu ya grisi inayoungua, kabla ya mlio wowote. La pili ni kwamba gari la magurudumu manne linaweza kurukaruka kwenye kona kali bila jointi yoyote kuwa mbovu. Mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma ukikwama, au ukifunga tairi mpya mbili na kuacha mbili zilizokwisha, magurudumu hushindana na gari huhisi kama limeshikwa breki kila unapokata kona ya karibu. Kwenye Forester za otomatiki za zamani mna sehemu ya fyuzi yenye maandishi FWD; ukiweka fyuzi hapo kwa majaribio, nguvu ya nyuma hukatwa, na kurukaruka kukiisha unajua pa kutafuta.

Fundi wa Ndeeba

Afande, hilo la tairi liandikwe kwa wino mwekundu. Nimeona giaboksi zikifunguliwa kwa sababu ya tairi mbili.

Mwalimu wa Koboko

Nimefanya jaribio la kiganja pamoja na mwalimu mwenzangu. Springi ya kushoto inaruka bila shaka yoyote, na kwenye kofia ya juu nimeona raba ikiwa imepasuka mviringo mzima. Ya kulia haipigi, lakini inakwaruza. Jirani yangu anashauri nipulizie mafuta ya kulegeza kutu kwenye beringi na kuendelea na safari. Mnasemaje?

Fundi wa Ndeeba

Kama kipimo, ushauri wa jirani ni mzuri: puliza, kunja usukani, na mlio ukibadilika au ukipungua basi umethibitisha mahali. Kama tiba, haufai. Mafuta hayo mepesi huosha hata ile grisi kidogo iliyobaki, na baada ya mvua moja mlio hurudi ukiwa mkali zaidi. Tena raba ikishapasuka mviringo, huwezi kuiponya kwa kupulizia.

Nunua mauntingi mbili na beringi zake mbili, kushoto na kulia. Sisemi hivyo ili muuzaji afaidike. Beringi ya kulia inayokwaruza imekula vumbi lile lile. Kwa spea hizi epuka mtumba kabisa, kwa kuwa raba huzeeka hata ikiwa imekaa rafuni, na mauntingi iliyotolewa kwenye gari jingine huna namna ya kujua ilibeba nini. Dukani nenda na namba ya chesisi, na ukiweza nenda na ya zamani mkononi. Tazama kama beringi imo ndani ya boksi la mauntingi au inauzwa peke yake, maana huko ndiko mtu hufunga mauntingi mpya juu ya beringi iliyokufa kisha akalaani mauntingi.

Kazi yenyewe si ya mchana mmoja tu wa kujaribu kwa asiye na vifaa. Nguzo hutolewa kwa kufungua paipu ya breki na waya wa ABS kwenye mabano yake, stabilaiza linki, bolti mbili kubwa zinazoishika stabu ekseli, na mwisho nati tatu za juu. Ile nati ya katikati ya mauntingi haiguswi mpaka springi iwe imebanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana, pande zote sawasawa. Springi ya gari iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, wala sitii chumvi. Fundi ukimwona anaibana kwa waya au kamba ya manila, chukua gari lako uondoke.

Wakati wa kurudisha, ncha ya chini ya springi ikae kwenye kizuizi chake ndani ya kikombe, isipande juu yake. Kikombe cha juu kwenye Toyota nyingi kina alama ya OUT, na alama hiyo hutazama nje ya gari. Beringi nayo ina upande wa juu na wa chini. Mambo haya matatu yakikosewa, gari litapiga "po!" likiwa na spea mpya kabisa, na ubishi utaanza upya. Nati ya katikati ikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kulingana na kitabu cha gari, kisha umalizie na alaimenti, yaani kupanga upya mkao wa magurudumu, kwa sababu bolti zile mbili za stabu ekseli zikishafunguliwa, mlalo wa gurudumu hubadilika.

Mwalimu wa Koboko

Wanajukwaa, kazi imefanyika Arua kwa fundi aliyekuwa na vibanio halisi. Beringi ya kushoto ilikuwa imejaa udongo mwekundu mkavu na haikuzunguka hata kwa mikono miwili. Ya kulia ilizunguka kwa kukwaruza. Mlio mzito umekwisha, na usukani unarudi wenyewe tena. Bado kuna jambo moja. Nikirudi nyuma, nikabadilisha giya kwenda D na kuondoka, nasikia "tak" moja kali upande wa kushoto. Halafu kimya, mpaka nibadilishe mwelekeo tena. Huenda ulikuwepo tangu shafti ibadilishwe, ukafunikwa na ule mlio mkubwa.

Kapteni Mstaafu

Hapo sasa nairudia shafti yangu.

Fundi wa Ndeeba

Safari hii Afande amekaribia sana, ingawa naishuku nati kabla ya shafti yenyewe. Mlio wa mara moja kila mwelekeo unapobadilika, upande ule ule ulioshikwa na gereji, hunifanya nifikirie nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Meno ya shafti huingia kwenye haba (kitovu cha gurudumu), na nati ndiyo inayovikaza viwili hivyo pamoja na beringi ya gurudumu. Ikiwa imelegea, shafti huteleza kidogo na kugonga kila nguvu inapogeuka. Kwenye Corolla za kizazi hicho, ambazo Spacio ni ndugu yao, kitabu hutaja newtonmita 216, kiasi ambacho huwezi kukipata kwa spana fupi na kukisia. Tena nati hiyo ni ya kutumika mara moja: ikishakazwa, ukingo wake hugongwa kwa tindo uingie kwenye mfereji wa shafti ili isirudi nyuma. Toa kifuniko cha rimu, tazama kama ukingo umegongwa, na kama nati ni ile ile ya zamani iliyonyooshwa.

Usiliendeshe mbali kabla ya kulikagua hilo, kwa kuwa nati iliyolegea huiua beringi ya gurudumu.

Mwalimu wa Koboko

Ukingo haukugongwa popote. Fundi wa Arua ameifungua, na anasema ilizunguka kwa urahisi kuliko nati za tairi. Ameyasafisha meno kwa brashi ya waya, akafunga nati mpya, akaikaza kwa spana ya toki na kuigonga ukingo mbele yangu. Kisha amelinyanyua gurudumu, akalizungusha na kulitikisa. Beringi haina mchezo wala mngurumo. Nati za tairi nazo amezikaza kwa newtonmita 103. Nimerudi Koboko, nikapita hadi shuleni, nikarudi nyuma na kwenda mbele hadi mlinzi akauliza kama nimepoteza kitu. Hakuna mlio.

Dereva wa Drone

Fundi, kabla uzi haujafungwa, na sisi wa Hiace utusaidie. Yangu ni ile tunayoiita drone, ya kizazi cha tano (H200), dizeli, ninabeba abiria kati ya Busia na Kampala. Nikikunja usukani stendi nikiwa nimejaza, mbele kulia panalia "ko!" Watu wawili wameniambia ni jointi ya CV, na mwingine leo, baada ya kuusoma uzi huu, ameniambia ni beringi ya mauntingi.

Fundi wa Ndeeba

Ndugu, wote watatu wamekosea, na bahati nzuri hukuwalipa. Hiace yako ikiwa ni ya magurudumu mawili, nguvu huenda nyuma, kwa hiyo mbele hakuna shafti wala jointi ya CV. Tena mbele haina nguzo ya MacPherson. Ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na badala ya springi za mviringo ina fito za chuma zinazojisokota. Shokapu yake haigeuki na usukani, kwa hiyo beringi ya mauntingi haipo. Chunguza boljointi za juu na za chini, kisha raba zinazoishika raki kwenye fremu. Kwenye gari la abiria boljointi hubeba mzigo kutwa, na mlio wake husikika zaidi gari likijaa, kama unavyosema. Unapopima, jeki iwe chini ya mkono wa chini ili boljointi ziondolewe mzigo, vinginevyo mchezo utajificha.

Dereva wa Drone

Tumeipima leo hapa Busia jeki ikiwa chini ya mkono. Boljointi ya juu ya kulia ndiyo yenye mchezo, na buti yake imechanika; za chini ziko imara. Nimebadilisha za juu zote mbili, na alaimenti nitaifanya kesho asubuhi kabla ya kuingia zamu.